Vibao Vinne, Kompyuta Mbili

Makoko, Musoma. Jumatano, 1 Oktoba 1997

Barua imefika: nimesimamishwa masomo mwaka mzima kwa kuchochea mgomo dhidi ya uchangiaji wa gharama. Sikatai. Nilichochea, na kama moto haukushika ni kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mama ameisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama nimekula.

Mwaka ni mrefu, na mtu mwenye ulimi hawezi kuufungia kabatini. Mchana nimekwenda kujitolea katika ofisi ya Umoja wa Wanawake Waanika Dagaa. Chumba ni kimoja, dirisha ni moja, na kompyuta ni ya msaada, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Nimekuta vita tayari. Halmashauri inataka kumgawia mwekezaji ufukwe wa Kiriba ajenge kiwanda cha minofu ya sangara. Wanawake arobaini na watatu wanaanika dagaa pale, na mama zao walianika pale. Pingamizi litasikilizwa tarehe 11 Desemba. Siku hiyo ikipita bila wao kuonyesha kwa maandishi na ramani ni nani anaanika wapi na tangu lini, ufukwe umekwenda.

Soko huria, wanatuambia. Huria kwa nani?

Ijumaa, 3 Oktoba

Kazi ya kuchapa ni ya Tereza, binti wa Buhare, mpole, mwenye vidole vyepesi kuliko maneno yake. Amekwenda Kiriba mara tano, akaandika maelezo ya kila mama kwa mkono katika madaftari ya shule. Mimi nayasoma, nayasahihisha, yeye anachapa.

Leo amesita. "Dada Ghati, huyu mama wa namba kumi na saba hakusema 'haki yangu ya kihistoria'. Alisemaga jiwe."

"Alichomaanisha ni haki ya kihistoria."

"Sawa, dada."

Akachapa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Redio inasema mwaka huu vuli haitakuwa vuli bali gharika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Msiba. Bati limevuja juu ya kabati, na ramani ya Kiriba imegeuka uji. Ilikuwa kazi ya wiki mbili kabla sijajiunga nao: wanawake walipima ufukwe kwa hatua, kila mmoja sehemu yake, na rafiki yangu Clementi, anayesomea upimaji Chuoni, akaichora vizuri kwenye kompyuta kwa namba, moja hadi arobaini na tatu. Vipimo vyenyewe vya hatua vilikuwa nyuma ya karatasi ile ile.

"Usilie," nilimwambia Tereza, ingawa hakuwa analia. "Clementi alituletea na disketi. Ramani imo."

Tuliiweka disketi. Kompyuta ikanguruma kama paka aliyeshikwa mkia, ikatafuta, ikatafuta, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba memori haitoshi. Tulijaribu mara saba. Mara ya saba ikaganda kabisa, hata kishale hakikusogea.

Nimerudi nyumbani nikiwa na swali ambalo miaka mitatu ya Chuo haikuwahi kunipa: memori ni nini hasa, inakaa wapi, na kwa nini haitoshi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtu pekee mjini anayethubutu kufungua kompyuta ni Hamduni, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko. Sikutaka kumwendea. Ni mmoja wa watu walionufaika na milango kufunguliwa: anauza redio kuukuu kutoka ng'ambo na kuzisifia kama mabinti. Katika mhadhara ningemweka kwenye tabaka la mabepari uchwara bila kufikiri mara mbili.

Alikuja na bisibisi tatu na kanzu iliyokunjwa hadi magotini. Kabla ya kugusa chochote ndani alishika bati la sanduku kwa kiganja kizima, akatulia.

"Unaomba dua?" nikamuuliza.

"Naaga umeme wa mwilini mwangu, Mwanasheria. Ukiingia na umeme wako humu, unaua bila kusikia kishindo."

Mimi sisomei sheria, nasomea siasa, nikamwambia. Akasema kwake yeye wote ni wapiga domo.

Kisha nikaona ndani, na nikasahau kumchukia. Nilidhani kutakuwa na kitu kikubwa, moyo fulani. Kumbe ni mji uliopangwa, wenye barabara za shaba nyembamba kuliko unywele, majengo meusi yenye miguu mingi, na pembeni vibao vinne vya kijani vimesimama wima kwenye mifereji yao, kila kimoja kirefu kama kidole, ukingo wake una meno kama chanuo. Karibu navyo kulikuwa na mifereji mingine minne, mitupu.

"Hiyo ndiyo memori," alisema. "Diski ni ghala, memori ni kaunta. Ghala langu linaweza kuwa na redio mia, lakini mteja akija naifungua redio hapa kaunta. Kaunta ikiwa fupi, redio kubwa haikai, hata kama ghala ni la serikali. Ramani yenu ni redio kubwa."

"Kwa hiyo tunarefusha kaunta."

"Nafasi ipo, si unaiona? Leta vinne vya aina hii hii. Vinne, Mwanasheria, kwa sababu..."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kumweleza jinsi nchi zinazotupa kompyuta za msaada zinavyotupa kwa makusudi zile zisizotosha, ili tubaki wateja wa milele. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akafunga sanduku, akaenda zake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Simu kwa Clementi. Kuna ofisi huko inabadilisha mashine zake, na vibao vya zamani vinatupwa. Amesema atavipata. Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Tereza amemaliza maelezo ya thelathini na moja. Nimempamba yule mama kwa sentensi ambayo sitaisahau.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kifurushi kimefika kwa basi. Ndani ya soksi ya Clementi, ndani ya gazeti, ndani ya mfuko: vibao vinne!

Leo pia ulikuwa mkutano wa Umoja, na wajumbe wa tawi la Bunda walikuwapo wakiongozwa na katibu wao Siwema, mfanyabiashara wa vitenge mwenye sauti ya kupenya ukuta. Nao wana kompyuta, pacha wa hii, na ufukwe wao pia umeanza kunyemelewa. Akasimama kabla sijakaa.

"Vimekuja kwa jina la Umoja. Umoja si Musoma. Au sisi wa Bunda ni wageni waalikwa?"

Nani angemjibu ndiyo? Nikasimama, nikazungumza kwa dakika ishirini. Nilisema kwamba taifa hili lilijengwa juu ya usawa, na kwamba wanaotufundisha leo kugawana kwa nguvu ya mfuko wanataka tusahau. Nilisema dhuluma kubwa huanza na mgawanyo mdogo usio wa haki. Nilivishika vibao juu, viwili mkono wa kulia, viwili mkono wa kushoto. Viwili Musoma, viwili Bunda! Wakapiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia.

Marcelina wa Kiriba, mama mkubwa wa umri, mwenye magamba ya furu, samaki wadogo wa ziwa, yaliyokauka kwenye kiwiko, ndiye pekee ambaye hakupiga kigelegele. "Mwanangu," alisema, "umeshamuuliza fundi?"

Fundi yuko Butiama, nikamjibu, anatengeneza redio. Na usawa hauhitaji fundi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeshika bati kwa kiganja kizima. Nimeviingiza vibao viwili kwenye mifereji mitupu kwa mkono wangu mwenyewe, vimelia *tak* vizuri. Nimewasha.

Kioo cheusi. Sanduku likalia: pi, pi, pi, kama kifaranga aliyepotea.

Jumanne, 28 Oktoba

Nikivitoa viwili, inawaka kama zamani. Nikivirudisha, inalia. Nimebadilisha mifereji. Inalia. Nimevisugua meno kwa raba ya penseli. Inalia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekiingiza kimoja peke yake. Inalia. Nimeondoa viwili vya zamani nikaweka viwili vipya mahali pavyo. Imewaka! Nimeruka juu kama mtoto. Lakini hesabu ya memori inayopita kwenye kioo mashine inapowaka ni ile ile ya mwanzo, na ramani imekataa kwa maneno yale yale.

Kwa hiyo vibao si vibovu. Hilo ndilo linaloniwasha. Ni vizima, mifereji ni mizima, mashine ni nzima, na bado nyongeza ya vitu vizima inazaa kioo cheusi. Kuna kanuni humu ndani, na mimi siijui. Tereza ananitazama nikizungumza na sanduku.

Jumatatu, 3 Novemba

Barua ya Siwema, imeletwa kwa mkono: "Yetu inalia kama mtoto wa paka. Uliyotupa ni memori au ni filimbi?"

Jumamosi, 8 Novemba. Butiama

Siku thelathini na tatu zimebaki. Nimepanda lori la pamba hadi njia panda, nimetembea kwenye tope hadi Butiama, viatu mkononi, na nimemkuta Hamduni kibarazani akiwa amezungukwa na redio zilizopasuliwa kama kuku wa harusi.

Nilimweleza kila kitu: majaribio yote, tarehe zote. Alisikiliza, na nilipofika kwenye mgawanyo akaweka chuma cha solda chini taratibu.

"Uligawa viwili kwa viwili?"

"Kwa usawa."

"Lahaula." Akacheka hadi akapangusa macho kwa kanzu. "Mwanasheria, umeshawahi kubeba mgonjwa kwa machela?"

"Nimewahi."

"Watu wangapi?"

"Wanne."

"Nipe wawili basi. Ni vijana wazuri, wana nguvu, hawana ugomvi na mtu. Wanyanyue upande mmoja."

Niliweka viatu vyangu chini.

"Mashine hii inabeba mzigo wake kwa wanne. Safu nzima inanyanyua pamoja, au hainyanyui. Vinne vya zamani ni machela moja. Vinne vipya ni machela ya pili. Ukileta wawili, mgonjwa anamwagika, ndiyo hiyo pi-pi-pi. Nilitaka kukwambia siku ile. Ulikuwa una hotuba."

Niliomba anionyeshe. Akachora kwa kijiti kwenye vumbi kavu la kibarazani: njia thelathini na mbili kutoka kwenye kichwa cha mashine, kila kibao kinazipokea nane tu, si zaidi. Nane mara nne. Nikamuuliza kwa nini nane. Nikamuuliza nani aliamua, na kama kuna mashine za watu wawili, na za mtu mmoja. Zipo, alisema, za wawili nimeziona, na za sasa zina kibao kirefu kinachobeba peke yake. Tulikaa mpaka mwadhini akaita alasiri, na akaniacha na kijiti.

Nilikuwa nimemwita mtu huyu bepari uchwara. Katika miaka mitatu hakuna mhadhiri aliyewahi kunijibu maswali kumi na moja mfululizo bila kutazama saa.

Jumatatu, 10 Novemba. Bunda

Nimesimama mbele ya wanawake wa Bunda, nimeeleza machela. Niliona wameelewa. Kisha Siwema akakohoa.

"Kwa hiyo viwili kwa viwili ilikuwa makosa."

"Ilikuwa makosa, dada."

"Na usawa?"

"Katika jambo hili..."

"Subiri shoga, usinikimbie. Nilihifadhi maneno yako, maana yalikuwa matamu wallahi. 'Dhuluma kubwa huanza na mgawanyo mdogo usio wa haki.' Leo unakuja na matope hadi magotini unasema tuvirudishe Musoma. Mbona vya Musoma havijaja Bunda? Sisi hatuna ufukwe? Machela yetu haina mgonjwa?"

Walicheka. Mimi pia ningecheka, kama ningekuwa upande ule. Hakuna silaha chungu kama ile uliyoinoa mwenyewe. Nilifungua kinywa kutoa hotuba ya pili, ya kubatilisha ya kwanza, nikaona nyuso zao: zilikuwa zikisubiri hotuba, kama watu wanaosubiri sarakasi.

Nikasema tu: "Kiriba inasikilizwa tarehe 11 Desemba. Ya kwenu bado haijapangiwa siku. Nawaomba."

Siwema akasema watajadiliana.

Jumatano, 12 Novemba. Bunda

Wanajadiliana. Mvua.

Jumamosi, 15 Novemba. Bunda

Mvua. Maji yamepanda juu ya barabara ya Musoma. Malori yamelala.

Jumatano, 19 Novemba. Bunda

Nalala nyumbani kwa Siwema, kwa sababu hoteli zimejaa madereva na kwa sababu alikataa nilale kwingine. Mwanamke huyu anaamka kabla ya jogoo, anakunja vitenge huku akinihoji. Amejua machela kuliko mimi sasa. Jana aliniuliza: "Vikiwekwa vinne kwetu vikamaliza kazi, si vinaweza kutoka? Havioti mizizi?" Nikasema havioti. Akaendelea kukunja.

Ameamua, na ameamua vizuri kuliko mimi. Vinne vyote vinakwenda Musoma hadi siku ya pingamizi. Baada ya hapo vyote vinne vinakuja Bunda, hadi maelezo yao yakamilike. Na viwili vya Bunda atavibeba yeye mwenyewe, havitoki mkononi mwake. "Si kwamba sikuamini, shoga. Nakuamini. Siiamini midomo yako."

Jumamosi, 22 Novemba

Barabara imefunguka kwa trekta. Tumefika Musoma saa tisa mchana, Siwema amevifunga vibao viwili kwenye pindo la kanga kama hirizi.

Jumatatu, 24 Novemba. Makoko

Hamduni amerejea kutoka Butiama. Ameshika bati, ametushikisha sote bati, hata Siwema aliyesema haya ni mambo ya waganga. Kisha akanipa mimi vibao.

"Weka wewe. Kwa mshazari kwanza, halafu simamisha."

Kimoja. Viwili. Siwema akafungua pindo la kanga. Vitatu. Vinne. *Tak.*

Tereza akawasha. Hesabu ikapanda kwenye kioo, ikafika pale inapokomaga siku zote, na haikukoma. Ikaendelea. Sikujua mtu anaweza kushangilia tarakimu. Kisha ramani: mstari baada ya mstari, kutoka juu, kama mtu anayevuta pazia. Ghuba. Mawe. Njia ya maji. Namba moja hadi arobaini na tatu.

"Kumbe ni kweli kuna kaunta," alisema Siwema.

Jumanne, 25 Novemba

Leo tumeunganisha maelezo yote na ramani yake, tukaanza kuchapisha. Printa ya sindano inapiga kelele ya cherehani mbovu. Hamduni alikuwa amekaa pembeni kuhakikisha mashine haichoki, na kwa kukosa la kufanya akawa anasoma kurasa zikitoka.

Baada ya muda akauliza, bila ubaya wowote: "Hawa akina mama walisoma shule moja?"

"Wengi hawakusoma kabisa. Kwa nini?"

"Huyu namba tisa anasema 'ufukwe ni uti wa mgongo wa uhai wetu'. Huyu kumi na saba, 'haki yangu ya kihistoria isiyohamishika'. Ishirini na nane, 'hatutakubali kuwa wakimbizi katika nchi ya baba zetu'. Thelathini na moja, siwezi hata kuitamka." Akapanga kurasa magotini. "Ningekuwa hakimu ningesema ameongea mtu mmoja, amebadilisha kanga mara arobaini na tatu."

Nilimnyang'anya karatasi. Nikasoma. Kwa wiki nane nimeyaona maelezo haya moja moja, leo huyu, kesho yule, na kila moja lilinipendeza. Sikuwahi kuyaona yakiwa yamelala pamoja. Yote yalikuwa na mdundo mmoja, nami naujua mdundo huo, nimeusikia ukumbini Chuoni ukipigiwa makofi. Hakuna jiwe hata moja. Hakuna jina la mama mkwe aliyempa mtu sehemu yake. Ramani ina sehemu arobaini na tatu, na maneno hayana hata moja: ukiwa wakili wa mwekezaji, unasimama, unasoma kurasa mbili mfululizo, na kesi imekwisha.

Tereza hakusema "nilikuambia". Aliinama, akavuta boksi chini ya meza, akayatoa madaftari yale ya shule, akayapanga mbele yangu kwa namba.

"Siku kumi na sita, dada," alisema. "Nikichapa asubuhi na jioni inawezekana. Lakini usisahihishe."

Jumatano, 26 Novemba

Nasoma kwa sauti, Tereza anachapa. Namba moja hadi nne. Mara mbili nimejikuta nikibadilisha neno katikati ya pumzi. Mara zote mbili vidole vyake vimesimama, akanitazama, vikasubiri.

Jumamosi, 29 Novemba

Namba kumi na tisa: "Nilikuwaga mchanga nikaambiwa nikae kivulini mwa mtumbwi niwafukuze kunguru. Sasa nafukuzwa mimi." Huyu hajawahi kushika kalamu. Nimetafuta pa kuongeza, sijapaona.

Jumanne, 2 Desemba

Kurasa za daftari la sita zimelowa, maelezo ya wawili hayasomeki. Kesho Kiriba.

Alhamisi, 4 Desemba. Kiriba

Tumeyaandika upya. Safari hii niliuliza maswali, kisha nikafunga mdomo, na huo mdomo ni mzito kuufunga kuliko geti la ghala. Nimejifunza kwamba dagaa wa mchanga mweupe hukauka sawasawa na wa mchanga mweusi huungua tumbo. Nimejifunza kwamba sehemu haiuzwi wala hairithiwi na mvivu. Mama mkwe humtazama mkaza mwana misimu mitatu kabla ya kumwonyesha mpaka. Mipaka yote ni mawe, na kila jiwe lina jina. Nilikuwa nimeyafuta majina ya mawe arobaini na matatu.

Nilimweleza Marcelina nilichofanya, kwa sababu yeye ndiye namba kumi na saba. Alikuwa akigeuza dagaa kwa fagio.

"Uliandikaga nini badala ya jiwe langu?"

Nikamwambia.

Alifikiri. "Ni maneno mazuri. Lakini wakiniuliza yako upande gani, nitawaonyesha nini?"

Jumatatu, 8 Desemba

Tumemaliza. Siwema ametuma salamu kutoka Bunda: anaota vibao.

Alhamisi, 11 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi wa halmashauri, saa nne. Wanawake wote arobaini na watatu walikuja, kwa lori na kwa miguu, na ukumbi ukanuka ziwa. Siwema alikaa mstari wa mbele na mkoba magotini. Hamduni alisimama mlangoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na kitabu chetu mbele yake, kurasa tisini na mbili, ramani imekunjwa nyuma.

Wakili wa mwekezaji, kijana mwenye tai nyembamba, alisimama na kitabu mkononi, bado hajakifungua. Alisema ni jambo linalojulikana kwamba katika ofisi ya Umoja huu kuna mwanafunzi aliyefukuzwa kwa uchochezi. Alisema ataiomba kamati ione kwamba maelezo haya yametungwa na mkono mmoja. Akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nikashika ukingo wa kiti, hotuba isininyanyue.

"Nitafungua popote," alisema, akafungua. "Namba kumi na saba. 'Mimi nilipewa jiwe lenye ufa na mama mkwe wangu mwaka ule wa njaa. Akaniambia, Marcelina, kwenye ufa weka chumvi isilowe. Kutoka hapo mpaka kwenye jiwe la Ng'ombe Amelala...'"

Akasita. Akageuza ukurasa.

"Mbona umeishia hapo, baba?" Marcelina alikuwa amesimama. "Hayo ni ya kwangu. Malizia. Hapo chini ndipo nimesema upana."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akaikunjua ramani, akauliza namba kumi na saba iko wapi, na wakili akalazimika kusogea kumwonyesha. Upana ukasomwa. Ulilingana.

"Soma na ya kwangu," akasema mwingine kutoka nyuma. "Ishirini na nane."

"Na kumi na tisa. Mimi hapa."

Wakaanza kusimama mmoja mmoja, bila kupangwa, kila mmoja akitaja jiwe lake, na mwenyekiti akifuata kwa kidole kwenye ramani. Hakuna aliyefanana na mwenzake. Mmoja alibishana na jirani yake palepale kuhusu hatua mbili za mpaka, wakatukanana kwa Kijita na kupatana. Nadhani hapo ndipo kesi ya wakili ilipokufa, maana nani anatunga ugomvi?

Mwishoni mwenyekiti akasema, "Na huyu mwanafunzi, ana la kuongeza?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mmoja na nusu. "Sina, mheshimiwa," nikasema, nikakaa. Tereza alinifinya paja kwa nguvu.

Uamuzi: ugawaji umesimamishwa. Mpima atapelekwa Kiriba, apime sehemu zote arobaini na tatu mbele ya wenyewe, ziandikwe.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimevitoa vibao vyote vinne, nikavifunga kwenye kanga ya Siwema kwa mkono wangu. Kompyuta yetu imerudi ilivyokuwa. Tereza amesema haidhuru, barua za kawaida zinakaa. Siwema ananitaka Bunda Januari. "Uje ukae kimya na kwetu," amesema.

Alhamisi, 18 Desemba. Kiriba

Jua, la kwanza kwa siku tisa. Mpima amefika na msaidizi, utepe wa chuma na vigingi. Mwekezaji alikuwa amekwisha kusimika bango lake kwenye mchanga tangu mwezi wa nane, kubwa, la bluu, lenye picha ya kiwanda. Mpima alianzia palipo rahisi, akaweka kigingi cha namba kumi na saba, akamwuliza Marcelina kama hapo panatosha.

"Rudi nyuma, mwanangu."

Akarudi hatua tatu.

"Bado."

Akarudi hatua nne, hadi mgongo wake ukagusa nguzo ya bango. "Mama, siwezi kurudi zaidi. Mwisho wako ni wapi hasa?"

Marcelina aliweka fagio chini, akalionyesha bango kwa kidevu.

"Ling'oe hilo kwanza. Halafu tuanze kuhesabu."